Mshindwa Akiingia Serikalini, Mpinzani Anakaa Wapi?

(Mhadhara kwa wanafunzi wa sayansi ya siasa kuhusu uchaguzi wa bunge nchini Liechtenstein. Umeandikwa upya kutoka kwenye maelezo ya mzungumzaji.)

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojaa hadi kwenye ngazi: wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie uchaguzi wa nchi ambayo, kwenye ramani ya ukutani, jina lake ni refu kuliko nchi yenyewe, hata wachoraji hulazimika kuliandika pembeni. Liechtenstein ina kilomita za mraba 160. Kisiwa cha Unguja kinaizidi mara kumi. Watu wake ni kama 40,000. Ukiwaita wote Uwanja wa Mkapa watakaa, na viti vitabaki vya kuwakirimu majirani. Imebanwa kati ya Uswisi na Austria, mto Rhine upande huu na milima upande ule. Jeshi ililivunja mwaka 1868. Fedha inayotumika ni faranga ya Uswisi, na tangu 1924 imo kwenye umoja wa forodha na Waswisi hao hao. Kiwanja cha ndege haina.

Mtu akisikia hivyo husema, basi huo si uchaguzi, hiyo ni kamati ya harusi. Hapo ndipo ninapotaka tugombane kidogo jioni hii. Nchi hii ina bunge la watu 25, ina vyama, ina mabango, ina midahalo, ina familia zisizopikiana chungu kimoja kwa sababu ya siasa za mababu zao. Ina pia tatizo moja ambalo nchi kubwa nyingi hulikimbia bila kulitatua: mkiamua kwamba wakubwa wote watawale pamoja ili pasiwe na ugomvi, nani atabaki nje wa kuwauliza maswali?

Nieleze kwanza namna wanavyopiga kura, kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka.

Nchi imegawanywa majimbo mawili ya uchaguzi. Oberland, yaani upande wa juu wenye mji mkuu Vaduz na miji kama Schaan, Balzers na Triesen, hutoa wabunge 15. Unterland, upande wa chini wenye vijiji kama Eschen, Mauren na Ruggell, hutoa 10. Viti hugawanywa kwa uwiano wa kura, na chama kisichofikisha asilimia 8 ya kura za nchi nzima hakipati hata kimoja. Muhula ni miaka minne. Kufanya kampeni huko ni kazi ya miguu. Mgombea anaweza kabisa kugonga milango yote ya kijiji chake kabla ya chakula cha mchana, na wengi wa watakaomfungulia walisoma naye.

Sasa karatasi ya kura. Mpiga kura hapewi karatasi moja yenye vyama vyote akaweka alama. Anapelekewa nyumbani karatasi za vyama vyote, kila chama na yake yenye majina ya wagombea wake, naye anachagua moja anayoitaka. Halafu anachukua kalamu. Akiona jina la mtu asiyempenda, analikata. Akitaka mgombea wa chama kingine, anaandika jina lake pale, na kura hiyo moja inahama kwenda chama cha yule aliyeandikwa. Kwa hiyo mtu wa Oberland hana kura moja, ana 15, na wa Unterland ana 10. Karibu watu wote hupiga kwa posta, mezani kwao, wakiwa na muda wa kuyapima majina moja baada ya jingine. Jumapili saa sita mchana vituo vinafungwa, na kabla ya jua kuzama matokeo ya nchi nzima yapo.

Mnaona uzuri wake na ukatili wake. Chama kinaamua nani awe kwenye orodha, lakini mpangilio wa mwisho unafanywa na jirani yako kwa kalamu. Ukiwa mwenyekiti wa kamati na umejaa kiburi, watu wa chama chako mwenyewe watakupigia chama na kukukata wewe. Nchi ya watu 40,000 haina mahali pa kujificha.

Twende mwaka 2021, kwa sababu hapo ndipo hesabu hii iliponoga.

Vyama vikubwa ni viwili, vyote vya mrengo wa kati kuelekea kulia, na mtu wa nje anaweza kusoma ilani zao mara tatu asizitofautishe. Kimoja ni VU, Muungano wa Kizalendo; kingine ni FBP, chama cha Wananchi wa Maendeleo. Wenyewe huvitaja kwa rangi: VU ni Wekundu na FBP ni Weusi. Wekundu hawa hawahusiani na Msimbazi, ingawa ushabiki unarithiwa vilevile. Mtoto huzaliwa nyumba ya Wekundu au ya Weusi, na kwa miongo mingi kila upande ulikuwa na gazeti lake: Weusi walikuwa na Volksblatt, lililoanza 1878, na Wekundu wana Vaterland. Yashikeni magazeti haya akilini, nitayarudia.

Februari 2021 kura zilipohesabiwa, Wekundu walipata viti 10 na Weusi 10. Asilimia: 35.89 kwa 35.88. Tofauti ya kura za vyama kwa nchi nzima ilikuwa 42.

Lakini kumbukeni kwamba mtu mmoja wa Oberland ana kura 15. Kura 42, kwa hiyo, si watu 42. Lau watu wawili tu wa Vaduz waliotuma karatasi ya Wekundu bila kuigusa wangetuma ya Weusi badala yake, Wekundu wangepungukiwa 30 na Weusi wangeongezewa 30, na mshindi angekuwa mwingine. Watu wawili! Mume na mke waliobishana asubuhi wangeweza kubadilisha jina la waziri mkuu. Maana kwa mazoea yao, ndani ya serikali ya mseto, chama kilichotangulia kwa kura ndicho hutoa waziri mkuu. Mgombea wa Weusi kwa nafasi hiyo alikuwa Sabine Monauni, ambaye angekuwa mwanamke wa kwanza kuishika. Ikaenda kwa Daniel Risch wa Wekundu.

Nyinyi mmekulia Afrika Mashariki, kwa hiyo najua mnachosubiri kusikia baada ya tofauti kama hiyo. Hakuna. Weusi waliingia kwenye mazungumzo, mawaziri watano wakagawanywa, watatu kwa Wekundu na wawili kwa Weusi, na Monauni akawa naibu waziri mkuu. Maisha yakaendelea.

Wengi wakifika hapa husifu ustaarabu wa Ulaya na kufunga daftari. Mimi naomba msifunge. Utulivu ule hautokani na tabia njema. Unatokana na kwamba mshindwa hakupoteza kitu kikubwa: waziri mkuu mmoja na waziri mmoja. Mezani alikuwa na kiti tayari kabla kura hazijahesabiwa. Ukitaka kumwona Mwafrika au Mzungu anayepokea matokeo kwa upole, mhakikishie kwanza kwamba hatalala nje.

Mazoea haya yana tarehe. Mwaka 1938, mwezi Machi, Ujerumani ya Hitler iliimeza Austria, na ghafla Liechtenstein ikawa inapakana na Manazi. Ndani ya nchi vyama viwili vilikuwa vikichukiana vibaya, na wapo waliotamani nchi iingie Ujerumani. Wakubwa wakaona wakiendelea kuvutana watamezwa. Wakaunda serikali ya pamoja, Josef Hoop wa Weusi akabaki waziri mkuu na Alois Vogt wa upande wa pili akawa naibu. Machi 1939 wafuasi wa Manazi walijaribu kuipindua serikali, wakashindwa. Mwaka huo huo sheria ya uwiano wa kura ilipitishwa, na uchaguzi uliofuata haukupigwa kura kabisa: vyama vilikaa, vikagawana viti, vikawasilisha majina. Katika hali ile mimi siwalaumu.

Ila vita viliisha 1945, na ndoa ile ikaendelea hadi 1997. Miaka karibu 60! Kizazi kizima kilizaliwa, kikaoa, kikastaafu, kabla hakijaona serikali yenye wapinzani wakubwa bungeni. Mwaka 1997 Wekundu wakatawala peke yao chini ya Mario Frick. Mwaka 2001 Weusi wakachukua peke yao chini ya Otmar Hasler. Na mwaka 2005 wakarudiana. Wako pamoja hadi leo.

Najua wapo hapa wanaowaza Zanzibar, na wengine wanawaza handisheki ya Nairobi. Yawekeni kwa wakati wa maswali.

Basi wapinzani wanakaa wapi? Bungeni wapo kidogo. Kipo chama cha Orodha Huru, cha mazingira na haki za jamii, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa na viti viwili, vitatu. Na sikusudii kusema kwamba bunge limelala. Mwaka 2019 waziri wa mambo ya nje, Aurelia Frick, alikataa kujibu maswali ya wabunge kuhusu fedha zilizolipwa washauri wa nje. Bunge likampigia kura ya kutokuwa na imani naye, akaondoka. Wabunge wale si wa kulipwa mshahara wa kuishi. Ni wanasheria, wakulima, walimu, wenye biashara, wanaokutana kwa vikao vya siku chache kisha wanarudi kazini kwao. Na waziri haruhusiwi kuwa mbunge, kwa hiyo mbunge anayemuuliza hamuulizi mwenzake wa benchi.

Lakini upinzani wenyewe, ule wenye meno, uko mtaani na kalamu. Katiba yao ya 1921 inawapa wananchi njia ya kuizuia sheria iliyopitishwa na bunge: wakusanye saini 1,000 ndani ya siku 30, sheria inakwenda kwenye kura ya maoni. Kwa saini hizo hizo 1,000 wanaweza pia kuleta muswada wao wenyewe. Likihusu katiba, saini ni 1,500. Katika nchi yenye wapiga kura wapatao 20,000, saini 1,000 ni mtu mmoja katika kila ishirini. Si chache, ila zinapatikana kwa Jumamosi kadhaa mbele ya maduka.

Tazameni miaka mitatu iliyotangulia uchaguzi wa 2025. Septemba 2022, serikali ilitaka msingi wa kisheria wa kuwazuia wasiochanjwa korona kuingia baadhi ya sehemu. Wananchi wakaikataa kwa tofauti ndogo. Januari 2023 lilikuja pendekezo la kupiga marufuku kasino, maana zilikuwa zimechipuka kama uyoga. Likakataliwa, kasino zikabaki. Februari 2024 likaja pendekezo kwamba mawaziri wachaguliwe moja kwa moja na wananchi, wasipendekezwe na bunge. Takriban theluthi mbili wakasema hapana. Septemba 2024 ikaja hoja ya kujiunga na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Bunge lilikubali, wapinzani wakaipeleka kwa wananchi, wananchi wakakubali kwa zaidi ya nusu, na mwezi uliofuata nchi ikajiunga. Oktoba 2024 ikaja ya redio, nitaieleza.

Katika nyingi ya hizo, kulikuwa na kundi moja nyuma yake: DpL, Wanademokrasia kwa ajili ya Liechtenstein. Hawa walijitenga mwaka 2018 kutoka chama kingine kidogo kilichoitwa Wasiofungamana. Mwaka 2021 waliomegwa na waliobaki walisimama kila mtu kivyake. DpL wakapata viti viwili, na Wasiofungamana wakaanguka chini ya asilimia 8 wakatoka bungeni. Kwa viti viwili kati ya 25, mbunge anaweza kufanya nini? Akisimama bungeni hushindwa kwa hesabu kabla hajafungua mdomo. Wakaondoka bungeni wakaenda kukusanya saini.

Angalieni matokeo yao: mawaziri wa kuchaguliwa walishindwa, IMF walishindwa. Kwenye kura za maoni walipoteza zaidi kuliko walivyoshinda. Ila kila kura ya maoni iliwapa miezi ya kuzungumza na nchi nzima, wao upande mmoja, vyama viwili vya serikali upande mwingine vikisema neno moja. Wazee walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Liechtenstein inaonyesha kwamba hata amani ya panzi humnenepesha kunguru.

Tarehe 9 Februari 2025 watu wakapiga kura. Wekundu walipata asilimia 38.3 na viti 10 vile vile. Weusi wakaporomoka hadi asilimia 27.5, viti 7. DpL wakatoka viti viwili hadi 6, kwa asilimia 23.3, zaidi ya mara mbili ya kura zao za 2021. Orodha Huru wakashuka kutoka viti 3 hadi 2, kwa asilimia 8.9, wangeteleza kidogo tu wangefukuzwa na kizingiti cha asilimia 8.

Wekundu na Weusi wakaungana tena. Aprili 10 Brigitte Haas wa Wekundu akaapishwa, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu katika historia ya nchi hiyo, na Monauni akabaki naibu wake. Magazeti ya Ulaya yaliyoandika habari hii yaliandika kuhusu jinsia, na ni haki yao, lakini yalipitwa na hesabu nyingine. Ili kubadilisha katiba, bunge linatakiwa likubaliane wote, au robo tatu katika vikao viwili mfululizo. Robo tatu ya 25 ni 19. Kabla ya Februari 2025 vyama viwili vya serikali vilikuwa na 20. Vingeweza kuigusa katiba bungeni bila kumwomba mtu. Leo vina 17. Kwa mara hii wapinzani wana kitu cha kuzuia ndani ya jengo, si nje tu.

Sasa redio, kwa sababu hapa sifa zangu kwa saini zinaishia.

Oktoba 27, 2024, kwa pendekezo la DpL, asilimia 55.4 ya waliopiga kura waliamua kufuta sheria ya redio ya umma, Radio Liechtenstein, ili iache kulishwa na hazina ya serikali na iende sekta binafsi. Iliazimiwa pawe na muda wa mpito hadi mwisho wa 2025. Mnunuzi wa kuiendesha hakupatikana, pesa zikaisha, na Aprili 3, 2025 redio ikanyamaza. Wiki moja baadaye serikali mpya ikaapishwa bila redio ya taifa kuitangaza. Na lile gazeti la Weusi, Volksblatt, lilikuwa limeshafungwa Machi 2023 kwa kukosa fedha. Kwa hiyo nchi iliyokuwa na magazeti mawili ya kila siku na redio ya umma imebaki na gazeti moja la kila siku, na gazeti hilo ni Vaterland, lililokulia mikononi mwa Wekundu.

Msinielewe vibaya: wananchi walikuwa na haki ya kuamua hivyo, na hoja ya gharama haikuwa ya kijinga. Ila mpinzani anayemfunga mdomo mwandishi wa habari anajikata mguu wake mwenyewe. DpL walisafiri hadi viti 6 kwa kuzungumza. Wajukuu wao watazungumzia wapi?

Na saini si malaika. Njia hiyo hiyo ya kuwauliza wananchi ndiyo iliyowaweka wanawake wa Liechtenstein nje ya uchaguzi hadi mwaka 1984. Waliokuwa wakipiga kura ni wanaume, na wanaume ndio waliokuwa wakiulizwa kama wanawake waruhusiwe. Mwaka 1971 wakakataa. Mwaka 1973 wakakataa tena. Julai 1, 1984 wakakubali, 2,370 dhidi ya 2,251. Kura 119. Mwaka huo sisi huku tulikuwa tumeshapiga kura, wanaume na wanawake, kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1986 Emma Eigenmann akaingia bungeni, mwanamke wa kwanza. Kutoka pale hadi Haas ni miaka 39.

Hadi leo pia, karibu theluthi moja ya wakazi ni wageni wasiopiga kura, na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa viwanda na benki zake huvuka mpaka kila asubuhi kutoka Uswisi, Austria na Ujerumani na kurudi jioni. Ukifanya kazi Schaan kwenye kampuni ya Hilti, inayotengeneza zile mashine za kutoboa zege mnazoziona kwenye ujenzi hapa mjini, sheria inayokugusa kila siku inapitishwa na bunge ambalo huna kura nalo.

Sijamtaja mwenye nyumba. Juu ya mlima, kwenye ngome inayoitazama Vaduz, anakaa mtawala wa nchi, Mwanamfalme Hans-Adam II, na tangu 2004 madaraka ya kila siku yanashikwa na mwanawe Alois. Msidhani ni pambo kama mfalme wa Uswidi. Waziri mkuu anapendekezwa na bunge lakini anateuliwa naye. Anaweza kuifukuza serikali na kulivunja bunge. Sheria asiyoisaini ndani ya miezi sita imekufa, hata kama imepita kwa kura ya maoni. Mwaka 2003 aliwaambia wananchi kwamba wasipopitisha katiba aliyoitaka, yenye madaraka hayo, atahamia Vienna. Asilimia 64.3 wakampa. Mwaka 2011 Alois alitangaza mapema kwamba hatasaini sheria ya kuondoa adhabu kwa utoaji mimba hata wananchi wakiikubali. Wananchi wakaikataa kwa tofauti ndogo. Mwaka 2012 kundi la wananchi lilitaka turufu hiyo iondolewe pale ambapo watu wameshapiga kura. Asilimia 76 walisema hapana, tunamtaka nayo.

Mnacheka. Ila katiba hiyo hiyo ya 2003 ina vifungu ambavyo sijaviona kwingine: wananchi wanaweza kuanzisha kura ya kutokuwa na imani na mtawala wao, wanaweza kuufuta utawala wa kifalme wenyewe, na kila moja ya kata zao 11 ina haki ya kujitoa kwenye nchi. Kata! Mwanamfalme amewaambia watu wake, mkinichoka mlango ule pale, na hawajautumia.

Mimi naona anachukua nafasi ambayo vyama viwili viliiacha wazi. Panapokosekana upinzani mkubwa bungeni, mtu akiichoka serikali ana pa kukimbilia pawili: kwa jirani mwenye karatasi ya saini, au kwa bwana mlimani. Hivyo kura ya turufu ambayo kwenye vitabu vyetu inaitwa mabaki ya kale, kule wengi wanaiona kama bima dhidi ya wanasiasa wanaoelewana kupita kiasi.

Mwenyekiti ameninyooshea saa, nimalize na chama ambacho sijakitendea haki, Weusi. Mwaka 2021 walilingana viti na Wekundu. Wakakaa serikali moja, wakapitisha bajeti moja, wakasimama upande mmoja kwenye kura za maoni. Mwaka 2025 Wekundu hawakupoteza hata kiti, Weusi wakapoteza vitatu. Hasira dhidi ya serikali ya watu wawili ikamwangukia mmoja. Kwangu sababu ni mbili. Waziri mkuu ndiye anayeonekana, naibu hutajwa pale tu kunapoharibika kitu. Na Weusi waliingia kwenye kampeni wakiwa wamempoteza msemaji wao wa miaka 145, lile gazeti. Uchaguzi wa kawaida unaofuata ni 2029, na kama kuna mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada, aiache DpL kwa waandishi wa habari, afuate hesabu za ndani za FBP: je, mshirika mdogo ataendelea kukubali kiti ambacho kila miaka minne kinamgharimu wapiga kura, au atatoka nje akae na wale sita na wale wawili? Akitoka, Wekundu wana 10 kati ya 25, na hapo ndipo mtaona kama upole ule wa 2021 ulikuwa tabia au ulikuwa bei.

Nimemaliza. Aliyekuwa na swali la Zanzibar ndiye aanze.